Neno la Chini ya Sahihi

3 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ukiisoma umesimama kwenye meza ya kukatia utaishia katikati, halafu utaikata iwe kipimo cha kola.

Sisi hatujambo. Mume wangu bado anafundisha hesabu na bado anasinzia na chaki mkononi. Baba anakusalimu sana; mguu umepoa, sasa analalamikia bega. Pacha wangu wameanza darasa la pili. Mmoja alichana goti la suruali uliyomshonea, akaivaa nyuma mbele ili nisione, akaenda nayo shule hivyo hadi Ijumaa. Nimeitia kiraka, lakini si kiraka cha kukuonyesha wewe.

Jumapili nilikupigia. Ulisema, "Nakusikia, andika," ukakata. Basi naandika.

Jambo lenyewe ni la kazini. Unakumbuka nilikwambia maktaba yetu ilianzisha ile Huduma ya Marejeleo Mtandaoni? Mtu mwenye swali lolote, awe hapa mjini au mbali kama wewe, anafungua ukurasa wetu kwenye simu, anajaza fomu, anauliza. Wakutubi watatu tunasaka kwenye vitabu na kumjibu ndani ya siku tatu. Ni bure. Mwaka mzima tumepata maswali mia moja na mbili, na arobaini kati ya hayo yalikuwa, "Mnafunga saa ngapi?"

Mkuu wa maktaba ameniita ofisini. Amenipa hadi mwisho wa Julai nimweleze kwa maandishi kwa nini watu hawaitumii. Nisipokuwa na la maana, huduma inafungwa na mimi narudishwa stoo ya magazeti ya zamani, kule chini kusiko na dirisha. Wenzangu wana majibu tayari. Mmoja anasema watu hawana intaneti. Mwingine anasema watu siku hizi hawapendi kujua. Mimi siamini, maana fomu yenyewe ilitengenezwa na mtu aliyefikiria sana, kila kitu kimepangwa.

Umekaa na watu miaka thelathini na sita dukani kwako. Niambie, kwa nini mtu mwenye swali hataki kuuliza?

Wako,
Mama Maswali


25 Februari

Mama Maswali,

Marahaba. Nimekaa. Barua nimeimaliza yote na kola haijakatwa.

Mimi nipo na cherehani ipo. Maji yamepenya kidogo kwenye kona ya duka, nimesogeza vitambaa upande wa mlango. Jirani yangu kinyozi amepata mjukuu, na tangu siku hiyo ananyoa huku akiimba. Watu wanatoka na vichwa vya ajabu lakini wanamwonea haya kumwambia.

Nimecheka hilo la kwako, unisamehe. Ulipokuwa na miaka sita ulikuwa unangoja nijaze pini mdomoni ndipo uanze: kwa nini uzi una mwisho, kwa nini sindano haina macho mawili. Ndiyo maana nikakupa jina hilo. Leo unalipwa mshahara ukae ungoje maswali, na maswali hayaji.

Hiyo fomu sijaiona, lakini nikuulize mimi. Mtu akifika kwenu mnamuuliza nini kwanza? Hapa kwangu mtu akiingia simuulizi jina. Nampa kiti. Atasifia feni, atauliza kama kinyozi ni mzima. Kisha atanyoosha gauni lake na kusema kitambaa kimerudi kwa kufuliwa. Miaka yote hii hakuna mtu hata mmoja aliyeniambia amenenepa. Kila mara ni kitambaa. Nachukua tepu, napima, nakaa kimya, naongeza inchi mbili. Jina naandika mwisho kabisa, nguo ikishabaki kwangu, na naliandika ili nimrudishie mali yake tu.

Na lile la maana wanalisema wakiwa wameshashika mlango. Mwezi uliopita mama mmoja alikaa nusu saa akisifia feni. Alipofika mlangoni akageuka: "Ah, fundi, hapo kiunoni uniachie nafasi, nina miezi mitatu." Mumewe mwenyewe hajui, najua mimi.

Sasa hiyo fomu yenu ina mlango? Fikiria. Nisalimie kaka yangu na bega lake.

Shangazi yako wa cherehani

Halafu: kuna mteja wangu mmoja, siku hizi uzi mweusi na uzi wa bluu nzito anaviona sawa, na jua likiwaka anaona ukungu. Huko kwenu kuna kitabu kinachosema hiyo ni nini? Si haraka.


12 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimewasomea wenzangu, wakacheka hadi msomaji mmoja akatunyamazisha. Sisi wakutubi tumenyamazishwa maktabani, hebu ona.

Sote wazima. Pacha mmoja ana mafua, na mwenzake anajitahidi kuyapata ili abaki nyumbani pia. Mwandiko wako umekuwa mkubwa, na mistari inapanda mlima. Umenunua kalamu mpya?

Umeuliza tunaanza na nini. Tunaanza na jina kamili. Kisha namba ya kadi ya uanachama, umri, kazi. Kisha mtu anachagua aina ya swali kati ya aina kumi na nne. Kisha anaeleza lengo la swali. Baada ya hapo ndipo anauliza. Nimeomba hesabu kwa fundi wetu wa kompyuta, nikabaki mdomo wazi: mwaka jana watu mia tisa na kitu walifungua fomu. Zaidi ya mia saba waliishia kwenye kisanduku cha jina. Walifika, wakasimama, wakaondoka. Kwa hiyo intaneti wanayo, na kujua wanataka.

Kuna lingine. Nilisikia mlinzi wetu wa getini anaulizwa sana, nikaenda kukaa naye asubuhi moja na daftari. Hadi saa saba mchana niliandika maswali thelathini na moja. Mwanamume mmoja alianza kwa kuuliza choo kiko wapi. Akaelekezwa, hakwenda. Akauliza tena kama kuna kitabu kinachoonyesha jinsi ya kuandika barua ya kukata rufaa kazini, maana amefukuzwa. Mama mmoja aliuliza tunafunga saa ngapi, akasogea, akarudi: mwenye nyumba anaweza kumzuilia mtu kitanda chake? Mlinzi hajui hata moja ya hayo, lakini anasikiliza huku ameegemea geti, na kila mtu anaondoka ameshukuru.

Nikamwuliza kwa nini wanamwuliza yeye na si sisi. Akasema, "Mimi sina kompyuta, mama. Mimi nina kofia tu."

Nimeyaandika yote. Ripoti imeanza kuwa na mwili. Niombee nisirudi stoo, Shangazi. Kule nilikaa miaka minne, na nilikuwa nikitoka jioni sijatamka neno tangu asubuhi. Niandikie kama una jingine.

Wako,
Mama Maswali


9 Aprili

Mama Maswali,

Marahaba. Mafua yaishe. Kinyozi ameacha kuimba, mjukuu amehamishiwa kwa wazazi wake, na sasa watu wanasema afadhali alipokuwa anaimba.

Nimepunguza kazi za sare za shule. Zinachosha. Nashona mapazia zaidi, pazia halina mambo mengi.

Yule mteja wangu niliyekuandikia habari zake amejaribu hiyo huduma yenu. Nilimwazima simu uliyoninunulia, maandishi tukayafanya makubwa. Kwenye jina alikwama, akataka kuacha, mimi nikamwambia jaza chochote uendelee. Kwenye aina ya swali alikaa sana. Hakujua macho yawekwe kwenye sayansi au kwenye jamii. Kwenye lengo la swali aliandika "kujua tu", ingawa si kujua tu.

Baada ya siku tatu jibu likaja. Nimelinakili hapa ulione: "Asante kwa kuwasiliana na Huduma ya Marejeleo. Swali lako namba 117 limepokelewa na kushughulikiwa. Tafadhali tazama orodha iliyoambatishwa yenye vyanzo tisa kuhusu magonjwa ya macho. Maktaba haitoi ushauri wa kitabibu. Swali hili sasa limefungwa."

Alilisoma mara mbili. Akasema, mimi nimeuliza kama nitapofuka, wao wamenipa orodha wakafunga. Hakukasirika. Alikunja tu uso, akanirudishia simu.

Nakuandikia hili kwa ajili ya ripoti yako, huenda likakufaa. Usinijibu kuhusu mteja, amesema basi.

Shangazi yako wa cherehani

Halafu: Mama alianza kutoona vizuri akiwa na umri gani? Mwulize baba yako kwa njia ya mzunguko, mimi nimesahau. Usimwambie ni mimi niliyeuliza.


20 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo sitaanza na pacha.

Swali namba 117 lilikuja Jumatatu moja mwishoni mwa Machi. Kwenye jina paliandikwa "Mteja". Kwenye namba ya kadi zilipigwa sifuri saba. Swali lilisema: "Mtu anayeona nyeusi na bluu nzito sawasawa ana ugonjwa gani, je atapofuka, na je unatoka kwa mama kwenda kwa binti?" Nakumbuka nilimwonyesha mwenzangu zile sifuri, nikasema kuna mtu anatuchezea. Kisha nikajibu. Jibu ulilonakili niliandika mimi, kwa vidole vyangu, nikafunga, nikaenda kunywa chai.

Nimetoa barua zako zote kwenye droo nikazipanga mezani. Kila moja ina neno chini ya sahihi. Ile ya Februari uliniuliza wazi kabisa, na mimi nikakujibu kurasa mbili za mlinzi na kofia yake, sikugusa swali lako hata kwa bahati mbaya. Nimekaa miezi nikilia kwamba hakuna anayeniuliza, na wewe ulikuwa unaniuliza. Nimeona aibu, Shangazi, na nimelia.

Hujasahau Bibi alianza akiwa na umri gani. Alikuwa na hamsini na nane, kama wewe sasa. Wewe ndiye uliyemshika mkono miaka kumi na moja, ukamwongoza hadi chooni na hadi msibani, ukawa unamwambia rangi ya kila kitambaa unachokata kwa sababu aliuliza. Baba anaweza kusahau. Wewe huwezi.

Na mimi nilikuficha jambo. Niliposema fomu ilitengenezwa na mtu aliyefikiria sana, mtu huyo ni mimi. Huduma nzima ni wazo langu. Kisanduku cha jina nilikiweka juu mimi, nikijiona nimeweka utaratibu.

Sasa nakujibu, na sifungi. Nimesoma siku mbili, na nimemwuliza mtu anayejua. Bibi alikuwa na presha ya macho. Hiyo mara nyingi huja kimya na kumla mtu kutoka pembeni, hadi anabaki anaona kama anachungulia kwenye bomba. Kuchanganya nyeusi na bluu, na ukungu juani, mara nyingi ni mtoto wa jicho. Huyo ni kitu kingine. Huyo anatolewa, na mtu anaona tena. Lakini ni kweli presha ya macho hutembea ndani ya ukoo, na mtu anaweza kuwa na yote mawili, kwa hiyo sikudanganyi: mimi ni mkutubi tu, sijui lililomo machoni mwako. Vitabu vyote tisa havijui. Anajua atakayepima. Kliniki ya macho ya hospitali ya hapo kwenu inapokea watu kila Jumanne asubuhi, na kupima hakuumi.

Wewe unapima watu kila siku bila kuwasumbua kwa maswali. Nenda na wewe ukapimwe. Nakuomba.

Mwanao


25 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Wiki tano. Simu yako haipatikani. Nimempigia kinyozi, anasema uko mzima, duka lilifungwa siku tatu, na akikuona unanunua nyanya huonyeshi ugonjwa. Nilipomwuliza zaidi akasema yeye si mbeya, kisha akaniambia habari za majirani wengine wote.

Kama umenikasirikia, niandikie kwamba umenikasirikia. Nitaipokea na hiyo. Nimeomba likizo kuanzia tarehe moja Julai, nitakuja utake usitake.

Mwanao


20 Juni

Mwanangu,

Marahaba, marahaba zote mbili.

Nilikasirika. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaikunja, nikaiweka chini ya cherehani. Wiki mbili nilikasirika. Nilisema huyu mtoto niliyemfundisha kushika kalamu leo ananivua nguo kwa barua. Ile simu niliizima nikaitia kwenye pipa la vifungo. Wiki ya tatu hasira ikaisha, na chini yake nikakuta woga. Huo ulikuwa mkubwa kuliko hasira. Niseme ukweli sasa: kila asubuhi kabla ya kuamka nilikuwa nafumba macho na kufanya mazoezi ya kutafuta kandambili kwa mguu, kama nilivyomfundisha Mama.

Jumanne nikapiga moyo konde, nikaenda. Nesi wa mapokezi, kabla hata sijakaa, akasema, "Jina kamili?" Mwanangu, niligeuka kuondoka. Kweli niligeuka. Kisha nikawakumbuka wale watu wako mia saba, nikaona haya kuwa wa mia saba na moja. Nikataja jina langu lote, hadi la babu.

Daktari ni binti mdogo, ana viatu vya kiume. Akaniweka kidevu kwenye chuma, akapima. Akasema, "Presha ya macho iko sawa." Nikamwambia arudie. Akarudia. "Iko sawa, mama. Ulichonacho ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia limekomaa." Nikamwambia apime mara ya tatu, akacheka, akapima. Hapo nikalia. Sijalia hivyo tangu tulipomzika Mama. Nilijaribu kujikaza nikashindwa, na yule binti hakunifukuza, alinipa karatasi za kufutia mikono, akangoja.

Nilipoinuka nikashika kitasa cha mlango. Utacheka. Nikageuka, nikamwuliza, "Na watoto wa kaka yangu? Yuko mmoja anasoma kutwa." Akasema nyote mpimwe, kwa sababu ya Mama. Kwa hiyo na wewe ukapimwe, usinizungushe, na kaka yangu naye.

Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji tarehe kumi na moja mwezi huu. Halikuuma. Walipotoa bandeji kesho yake niliona ukuta wa wodi, nikamwambia nesi mmepaka rangi jana? Akasema ukuta ule ni mweupe tangu zamani. Nikarudi dukani. Mwanangu, duka langu ni chafu. Cherehani ina vumbi la kuandikia jina. Na kwenye kabati nilikuta suruali tisa za sare, za bluu nzito, nimezipinda zote kwa uzi mweusi. Nimezifumua nimezishona upya. Nyingine kumi na mbili zilishakwenda, nikatuma ujumbe zirudishwe. Mzazi mmoja alisema hakuona tofauti. Nikamwambia naye akapimwe.

Jicho la kushoto ni tarehe kumi na mbili Julai. Likizo yako usiifute. Njoo unishike mkono siku hiyo moja, ukirudi nitatembea mwenyewe.

Shangazi yako wa cherehani

Halafu: nilikujibu kwa ukali humu moyoni, huko juu nimepunguza. Ulifanya vizuri.


26 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, na mto wa kulalia ulionipa haukuchafuka. Pacha wameupigania, nimekata shauri kwa kuulalia mimi. Bado nakuona umekaa kitandani na lile jicho jipya, unanitazama usoni muda mrefu, halafu unasema, "Kumbe umezeeka." Asante sana.

Nimepimwa. Presha iko sawa. Baba naye iko sawa, ila amepewa miwani, na sasa anasoma magazeti kwa sauti kubwa. Tutakuwa tunapimwa kila mwaka. Nimelala vizuri siku tatu mfululizo, sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Ripoti niliitoa mara tu nilipofika. Sikuweka maneno makubwa. Niliandika kwamba watu hawatumii huduma yetu kwa sababu tunawataka wajitaje kabla hawajatuamini, na tunawataka wajue aina ya swali kabla hawajajua swali. Niliandika kwamba hawajui kama upande wa pili kuna mtu au mashine, na kwamba tukiwajibu tunawafanya wahisi ni mashine. Niliandika habari za wale arobaini waliouliza tunafunga saa ngapi. Fomu zao nilizipitia tena zote, Shangazi. Kila mmoja tulimjibu, "Saa kumi na moja," tukafunga swali. Wale walikuwa wanasifia feni.

Na niliandika kwamba fomu ni kosa langu, na jibu la swali 117 pia. Mkuu alivua miwani, akaniuliza swali 117 lilikuwa la nani. Nikamwambia, la mteja. Hakuuliza tena.

Fomu mpya imeanza wiki iliyopita kwa majaribio. Juu kuna mstari mmoja: "Karibu. Una jambo gani?" Jina ni mwisho, na mtu asipotaka haandiki. Jibu letu linatiwa saini na mtu, na chini yake tumeweka kisanduku kidogo chenye maneno mawili: "Na lingine?" Wiki moja tumepata maswali arobaini na matatu. Ishirini na sita ya maana yalikuwa kwenye kile kisanduku kidogo. Mtu mmoja aliuliza mipaka ya nchi fulani, tukamjibu, na kwenye "na lingine" akaandika: "Mwanangu amekimbilia huko, namtafutaje?" Mimi na wenzangu tumeshinda siku nzima na huyo.

Mkuu ametupa mwaka mmoja zaidi. Hajasema neno zuri, lakini kampelekea mlinzi kiti chenye mgongo, na kila Jumatano mkutubi mmoja atakaa naye getini. Jumatano ya kwanza ni yangu. Mlinzi amesema nije na kofia.

Na sasa mimi nakuuliza, tena juu ya sahihi, si chini: je, kuna kitu kingine hujaniambia?

Mwanao,
Mama Maswali


11 Agosti

Mama Maswali wangu,

Marahaba. Nimeisoma nimekaa, dirishani, bila miwani. Mwandiko wako ni mbaya, nilikuwa sijui. Nilidhani ni macho yangu.

Jicho la kushoto limepona. Kinyozi ametaka kujua nilifanya nini, nikampeleka Jumanne. Ana mtoto wa jicho, ndiyo maana ya vile vichwa. Tumecheka hadi akaegemea ukuta. Sare za muhula nimezichukua zote, jozi sitini, na uzi nimeupanga kwenye rafu, bluu upande wake na nyeusi upande wake. Asubuhi nikifungua mlango naangalia ile rafu kwanza. Naitazama tu, sina kazi nayo. Kisha naanza.

Yule mwenye mwanawe aliyekimbia, akipatikana uniambie. Nimekuwa nikimfikiria. Na huyo mlinzi mshonee kofia ya pili, au nitaishona mimi, nitumie kipimo cha kichwa chake.

Umeniuliza kama kuna kitu kingine. Nilikuwa naogopa miaka mitatu, na sikumwambia mtu. Hicho ndicho kilikuwa kitu kingine. Kimekwisha.

Shangazi yako wa cherehani

Halafu: leo hapa chini sina neno. Nimeandika tu, usije ukageuza karatasi kutafuta.